Muzee Anaclet, Aliyekataa Matanga ya Mutoto Wake

Mapadri wetu, wazee wa kartie, mtaa wetu wa Mudzi-Pela, askari wastaafu mliokuja na kofia zenu za zamani, majirani, wakwe na ndugu wote, mimi ni Claire, mtoto wa tatu wa marehemu, na ninasoma kwa niaba ya familia kwa sababu kaka yetu mkubwa Félicien, ambaye kazi hii ni yake, amekosa sauti tangu juzi. Nitafuata utaratibu, kuzaliwa hadi kufa, na ninawaomba mvumilie mpaka mwisho, maana kuna neno moja juu ya kaka yetu Fabien ambalo familia ilikata jana katika baraza, na tulipatana lisemwe hapa mbele ya sanduku la marehemu, lisisikiwe kwanza sokoni.

Muzee Anaclet Ngabu alizaliwa tarehe 12 Machi 1944 katika kijiji kimoja karibu na Nizi, mtoto wa kwanza wa mzee Lossa, aliyekuwa mchimbaji wa dhahabu, na wa mama Ngave, mkulima. Alianza shule kwa mapadri mwaka 1951, akapata cheti chake mwaka 1957, na walimu walimsifu kwa mwandiko mzuri, wakamlaumu kwa ubishi, mambo mawili ambayo hakuyaacha hata uzeeni.

Tarehe 3 Februari 1966 aliingia jeshini mjini Kisangani, akafundishwa ufundi wa magari, akatumika katika kambi za Kisangani, Isiro na Kamina, na mwaka 1978, katika vita ya Shaba, risasi ilimpiga pajani, ndiyo maana alitembea vile alivyotembea, wala hayakuwa maringo kama wengine walivyodhani. Alistaafu na cheo cha adjudant tarehe 31 Desemba 1990, akaja kukaa hapa Bunia, akanunua parseli hii, kiwanja tunamokaa, akafungua karakana ya baiskeli karibu na soko. Kutoka kambini alileta filimbi moja, akatuamsha nayo kila alfajiri, hata siku ya Krismasi, hata kama kulikuwa na wageni, na majirani ambao walikuwa wanakuja kulalamika mwishowe waliacha kununua saa.

Alifunga ndoa tarehe 18 Julai 1970, katika kanisa la Komanda, na mama yetu Monique Kanyere, ambaye baba yake alikuwa anauza chumvi na sabuni pale njia panda, na Mungu aliwapa watoto watano, Félicien mwaka 1971, Fabien mwaka 1974, mimi mwaka 1977, Nathanaël mwaka 1980 na Glodie mwaka 1986. Alikuwa mtu wa nyumba yake. Kila alipopewa likizo alipanda juu ya malori ya mizigo ili atufikie, na mwaka 1985, Mama alipolazwa hospitalini, yeye mwenyewe alinisuka nywele kwa ajili ya shule, akazisuka vibaya sana, na nilikwenda shuleni hivyo kwa sababu alikuwa amenitazama kwa furaha.

Mei 2003, mji ulipokimbia vita, nasi tulikimbia kwa miguu kwenye njia ya Komanda, na tulipokwisha kutoka mjini miguu ya Mama ilivimba, akakaa chini. Baba alimtuma Fabien arudi karakana achukue baiskeli moja ili tumbebe Mama, na Fabien, aliyekuwa na miaka ishirini na tisa, alimpa mke wake Solange mfuko wa unga aliokuwa ameubeba, akageuka, akaenda mbio. Solange alikuwa na mtoto wao Chris mgongoni. Tulimngoja mpaka jua likazama, watu wakitupita, kisha Mama alisimama mwenyewe, akatembea na fimbo siku kwa siku mpaka Beni kwa ndugu zake. Hatujamwona Fabien tena, wala mtu aliyemwona, wala baiskeli.

Tuliporudi mwaka 2004 Baba hakufungua tena karakana, alilima mihogo na maharagwe, na hakuna aliyemuuliza sababu. Padri alipotaka kusoma misa ya Fabien, Baba alikataa. Wazee walipokuja kuomba tuweke matanga, hata bila mwili, jinsi familia nyingi za hapa zilivyofanya, Baba alikataa, akisema maneno yaleyale kila mara, « Fabien iko mu njia ». Hata tarehe 9 Oktoba 2014, kwenye maziko ya Mama, mtu mmoja alipomtaja Fabien kati ya waliomtangulia Mama, Baba alisimama mbele ya wote, akamkatiza.

Sasa niseme na upande wa Solange. Mwanamke ambaye mume wake hajafanyiwa matanga hawezi kukaa kwenye mkeka wa wajane, hawezi kutoa matanga ili amalize maombolezo, hawezi kuolewa, basi Solange alikaa miaka ishirini na miwili katika nyumba ya mkwe wake, si mke, si mjane. Mwaka 2010 mwuza mbao mmoja wa Mambasa alikuja na wazee wake kumuomba, mtu wa heshima, na Solange alikuwa amekubali. Baba aliwapa chai, akawasikiliza, akawaambia, « Huyu ni bibi ya mutoto wangu », akawasindikiza mpaka barabarani. Nilimpenda baba yangu, na kwa jambo hili nilimkasirikia, na hata leo, hapa mbele ya sanduku lake, hasira haijaisha.

Ugonjwa ulianza Novemba 2024, tansyo ya damu, yaani presha, kwanza, kisha figo, na aliyemwosha, aliyemlisha, aliyemgeuza kitandani, alikuwa Solange huyohuyo. Jumapili tarehe 10 Agosti 2025, hospitalini, Baba alituita mimi, Félicien na Solange, akasema polepole, « Miye nilimutuma. Niliogopa kusema amekufa, sababu miye nilimutuma. Mufanye matanga yake pamoja na yangu, Solange apumuzike. » Solange alimfunika miguu. Alhamisi tarehe 14 Agosti, saa tisa ya mchana, Baba alikata roho, akiwa na miaka themanini na mmoja.

Jana katika baraza baba mudogo Evariste, ndugu wa marehemu, aliuliza, « Na kama Fabien atarudi? » Kila mmoja wetu alikuwa amekwisha kujiuliza hivyo, na ndipo Chris, ambaye sasa ni mwanaume mzima na hamkumbuki baba yake, akasema, « Akirudi, tutachinja ngombe. Lakini mama amechoka. » Hapo baba mudogo alikubali, na baraza likaisha.

Kwa hiyo, ndugu zetu, msalaba mtakaouona makaburini una majina mawili, na leo mnalia watu wawili. Solange mnamwona ameketi kwenye mkeka, mpitieni mkampe pole yake, asiwepo atakayemwambia kwamba amechelewa. Mimi mwenyewe sijalia bado, sijui kwa nini, nasoma tu.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomtunza, majirani walioleta kuni, maji na viti, askari wenzake waliobeba sanduku bila kukubali kupokezana na vijana, wanakwaya, na wote waliofika kutoka Komanda na Nizi kwa njia tunazozijua. Marehemu ameacha watoto wanne na wajukuu kumi na mmoja. Wanne, nimesoma vizuri.

Baba Anaclet, kazi yako umeimaliza, pumzika kwa amani. Na weye Fabien, miaka hii yote hatukuruhusiwa kukuambia neno hili. Pumzika.