Basi la Reli la Bi Zubeda

Kitendawili, wasikilizaji wapendwa. Basi halitembei, lakini hushusha abiria ambao hawakupanda. Jibu lingojeeni kidogo.

Leo tunamkumbuka Bi Zubeda binti Khatibu, mkunga wa Changamwe, aliyefariki Ijumaa. Mkunga, ndiyo. Na kazi yake aliifanyia ndani ya basi la reli.

Mabasi hayo yalikuwa na injini kama ya lori na magurudumu ya chuma, yakibeba watu kwenye njia ndogo za mashambani. Mwaka wa 1958 moja lilichoka, likaachwa majanini nyuma ya stesheni. Bi Zubeda akaliomba kwa wenye reli kwa mdomo tu, akaachiwa. Akafagia, akang'oa viti, akatia vitanda viwili vya kamba. Wanawake waliobanana na wapangaji wenzao wakapata pa kujifungulia.

Mwaka wa 1961 akaja fundi Musyoka, aliyewahi kuliendesha basi lile lile. Ametumwa na wakubwa wa reli alikatekate, chuma kirudi ghalani.

"Hodi, mama. Nimekuja kukata."

"Ndani mna mzazi, mwanangu. Mwanamume haingii."

"Basi nirudi Jumatatu?"

"Jumatatu! Kwani huyu kazaa mbuzi? Siku arobaini!"

Musyoka akahesabu arobaini, akarudi. Kumbe siku ya thelathini na nane alikuwa ameingia mzazi mwingine. Akahesabu tena. Safari ya tatu alikuja kabla ya arobaini kutimia, bila msumeno, amemshika mkewe Nduku, uchungu umemkaza.

"Mama, mpokee huyu."

Bi Zubeda akampokea. Habari ya chuma hakuiuliza. Mjukuu wake, Mishi, anatuambia: "Nyanya aliingiwa na hofu. Nyuma ya Nduku hapakuwa na mwanamke mwingine aliyekaribia kujifungua; basi lingebaki tupu."

Siku ya arobaini Nduku akatoka na mtoto wake. Musyoka akaingia chini ya basi na jeki na nyundo. Bi Zubeda akakunja mikeka.

Adhuhuri fundi akatoka, grisi mpaka masikioni. Ameng'oa magurudumu yote manne, bodi amelikalisha juu ya mawe.

"Wametaka chuma, nawapelekea chuma. Wewe tandika, mama."

Akatandika. Bendera mpya ya uhuru ilipopandishwa mwaka wa 1963, ndani ya basi mlikuwa na mzazi wa siku tatu.

Makiwa, Mishi, na jamaa wote wa marehemu. Mungu amrehemu.

Nawe uliyezaliwa Changamwe miaka ile, leo kaa kitako na mamako. Muulize ulishukia wapi.