Mteremko wa Mlango wa Mbele

Sogeeni, wanangu, ingieni wote humu chumbani, na wewe Winfrida zima hiyo redio, maana sauti niliyobakiwa nayo haiwezi kushindana na mtangazaji wa mpira. Kaka Ernest, kaa hapa karibu na kichwa changu, wewe ndiye mjomba wao, na haya ninayoyasema lazima yapite masikioni mwako ndipo yawe maneno ya ukoo. Shadya, pitisha kiti chako cha magurudumu, mlango unatosha, niliuagiza mpana kabla sijakujua. Severin, weka mwiko chini, mwanangu. Najua saruji haimsubiri mtu, lakini leo mama yako naye hasubiri.

Daktari ameniambia moyo wangu umechoka, nami nikamjibu kwamba una haki ya kuchoka, haujapumzika tangu nizaliwe kule Matombo. Basi msilie kwanza. Mtalia baadaye, mkishakula. Nawaambia kweli mbele ya Mungu, mimi Eufrazia leo nina raha ambayo sikuwa nayo masika yote haya, kwa sababu jambo lililonikaa kooni limeshuka, na mtu akishaliteremsha jambo la namna hiyo hata kufa hakumtishi sana. Sikilizeni lilivyopanda na lilivyoshuka, msije mkalipandisha tena nikiwa sipo.

Polio ilinichukua miguu nikiwa sijaacha kunyonya. Njia za kwetu mnazijua, mtu mzima mwenye miguu yake anapanda akitweta, sembuse mimi. Aliyenipeleka kanisani, aliyenipeleka mtoni, aliyenipeleka kucheza na wenzangu, ni huyu kaka yangu, mgongoni kwake, na hakuwahi hata siku moja kunung'unika. Lakini nikwambie leo, kaka, jambo ambalo sikuwahi kukwambia. Watu tuliokutana nao njiani walikusalimia wewe. Walikuuliza, anaendeleaje huyo, amekula huyo, na mimi nipo palepale, sikio langu limegusana na lako. Nikawa najifunza kwamba mtu aliyebebwa haulizwi. Hapo ndipo nilipoapa moyoni kwamba nikipata namna yoyote ya kujisogeza, hata kwa makalio, sitabebwa tena na mtu.

Kisha ikaja siku ya mjomba wetu Yohana kutugawia mashamba ya ukoo, sisi watoto wa dada yake. Desturi yetu mnaijua, mwenye kupewa shamba anaongozana na mjomba kuzunguka mpaka wake kwa miguu yake, toka jiwe hadi mti, na akishamaliza mzunguko shamba ni lake. Dada zangu wote walizunguka. Ilipofika zamu yangu Ernest akainama ili nipande mgongoni, mjomba akamzuia, akasema, na maneno yake nayakumbuka kama aliyoyasema asubuhi hii, "Mpaka hauzungukwi kwa mgongo wa mtu." Hakusema kwa ubaya. Alinionea huruma hata akanipa mkungu wa ndizi. Nililia mpaka sauti ikakauka, na ndizi zile sikuzigusa.

Masista wa misheni ndio walionitoa. Walinifundisha cherehani ya kuzungusha kwa mkono, wakanitafutia baiskeli ya magurudumu matatu, nikashuka Morogoro mjini nikiwa binti mwenye hasira na kipaji cha kushona sare za shule. Chumba nilichopata kilikuwa kwenye nyumba ya Mzee Abdulswamad. Alikuwa mzee mtaratibu, mwenye salamu nzuri, lakini aliichukia baiskeli yangu. Alisema inaziba ukumbi, inawakwaza wapangaji, inachora ukuta. Nikimwambia nikiiacha nje itaibiwa na mimi nitakuwa mfungwa wa chumba changu, anatikisa kichwa kama mtu anayeambiwa habari za nchi ya mbali. Siku moja nikarudi kutoka sokoni nikakuta godoro na cherehani vipo barazani, na mvua inakuja kutoka mlimani.

Jirani akaniambia kuna ofisi ya msaada wa kisheria, inasaidia wanyonge bure. Nikaenda. Wanangu, ofisi yenyewe ilikuwa ghorofani, na ngazi zilikuwa nyembamba, zimejikunja. Vijana wawili waliokuwa chini wakaniambia kwa moyo mwema kabisa, mama, tukubebe tu, ni dakika moja. Nikakataa. Wakaniona mwendawazimu, mtu hana pa kulala na anachagua namna ya kupanda ngazi. Nikasema mimi nimekuja kudai nyumba niishi kama mtu, siwezi kufika mbele ya wakili nikiwa mzigo mabegani mwa watu, maana nilijua atawauliza wao shida yangu. Nikatoa vazi nililokuwa nashona, nikakaa chini ya ngazi, nikaendelea na pindo.

Rahel ndiye aliyekuwa wakili, binti mdogo wakati ule, sasa naye ana mvi. Aliposikia kuna mtu chini haendi wala hapandi, alishuka mwenyewe. Hakuniambia neno la kunihurumia. Alinitazama, akatazama ngazi, akapanda tena, nikadhani basi. Kumbe alikwenda kuchukua meza. Alishuka nayo akiiburuza, akaiweka pale pembeni, akavuta kiti, akasema, "Haya, dada, tuanze. Jina lako nani?" Aliniuliza mimi. Nikachomeka sindano kwenye pindo, nikamtajia.

Lile suala lilikwenda mpaka baraza la nyumba, na baraza likasema mzee hakuwa na haki ya kunitoa bila notisi, na baiskeli ya mtu ni miguu yake. Nikarudishwa chumbani. Mzee Abdulswamad alifika mlangoni kuniomba radhi, nikamkaribisha chai, nikamsamehe. Ameshakufa. Watoto wake wapo mtaa wa pili, msiwanunie kwa ajili yangu, hawajui hata habari hii.

Ila meza ile haikupanda tena ghorofani. Habari zilitembea, wakaanza kuja wengine, mwenye magongo, asiyeona, mama mwenye mtoto asiyesimama, kila mmoja na mwenye nyumba wake. Mmoja ameambiwa anatia mkosi, mwingine choo kiko juu ya vidato na mwenye nyumba hataki kuvigusa. Rahel akiandika, mimi nikiongea. Tulizunguka mji huu mtaa kwa mtaa, mimi na baiskeli yangu mbele, tukiwaomba wenye nyumba wapanue mlango, washushe kizingiti, wapangishe watu wetu kama watu wengine. Wapo waliotufungulia mbwa. Wapo waliotupa chai na hawakufanya lolote, na hao ndio waliniudhi zaidi. Lakini wapo waliobomoa kizingiti tukiwa bado tumekaa. Tulikwenda kwa mwenyekiti wa mtaa, tukaenda halmashauri, tukachekwa, tukarudi. Baba yenu, Mungu amrehemu, mtu wa kuja, kibarua wa kiwandani, aliniona kwenye mkutano mmoja nikimkatiza diwani, akaamua hapohapo kwamba atanioa. Sijui alifikiri nini.

Nipeni maji kidogo. Asante, Winfrida.

Tulipopata kiwanja hiki tukajenga, na fundi tuliyemchukua alikuwa Ezekiel, mtu wa kwetu, wa juu kabisa. Nikamwambia sitaki vidato, nataka mteremko mpaka mlangoni. Akajenga siku hiyohiyo, akajisifu. Kumbe tulikosea kumpa kazi hiyo mtu aliyekulia milimani, maana kwake yeye kilima ni pale tu unaposhika majani kwa mikono, kwingine kote ni tambarare. Nilipoachia breki, baiskeli iliruka ikavuka barabara, ikaniingiza katikati ya machungwa ya mama mmoja aliyekuwa anauza upande wa pili. Ezekiel alikimbia akinishangaa, akaniuliza kwa nini nimekwenda kasi namna ile. Nilicheka nikiwa nimekaa juu ya machungwa, nikacheka mpaka yule mama naye akacheka.

Ndipo tukaubomoa, tukajenga huu mnaouona, mrefu, wa taratibu, unaoanzia kona ya kiwanja, unapinda, ukafika mlangoni. Ulimeza uwanja wote wa mbele. Na humo ndimo neno lenyewe lilimozaliwa, kwa sababu mtaa ulikua, barabara ikawekwa lami, na sehemu ile ya mbele ikawa ndiyo inayotamaniwa na kila mwenye macho.

Severin, usiinamishe uso, sikusemi kwa ubaya. Ulileta fundi mwingine akapima pale mbele, nikasikia futi kamba ikivutwa na kuachiwa, nikasikia mkizungumza fremu za maduka. Hukuwa na nia mbaya. Una watoto, kazi imekuwa ya kubahatisha, na wewe ni mwanangu wa kiume unayeona mama anakwisha. Lakini mimi kitandani hapa sikulala. Nilimfikiria Shadya. Alikuwa anauza matunda Mikese kando ya barabara, lori likampanda, alipotoka hospitali akakuta chumba chake kimepangishwa kwa mwingine, wakamwambia walijua hatarudi. Ameishi nasi chumba cha mbele, na tangu nilipodhoofika yeye ndiye anayekaa na Rahel mezani, na meza siku hizi ipo hapa kwetu, na watu wanapanda mteremko wenyewe, na wanaulizwa majina yao. Nikawa nawaza, nikifa, mteremko utavunjwa, na huyu mtoto atatolewa nje kwa maneno matamu, na yote niliyoyafanya mjini mwangu yatafia nyumbani mwangu. Hicho ndicho kilichokuwa kimenikaa kooni. Niliogopa kukuuliza, kwa sababu niliogopa jibu.

Jana kaka Ernest amefika kutoka Matombo, na kabla hajanywa hata maji, wewe Severin ukasimama hapo mlangoni. Nataka wote mlisikie tena, maana mwenyewe hatalirudia, ana aibu. Alisema, "Mjomba, nashuhudia kwako, sitaubomoa. Nilijifunzia kutembea pale, nimeshika chuma cha pembeni, mama akiwa mbele ananiita." Wanangu, sisi neno likishasemwa mbele ya mjomba halirudi. Nimelala usiku kucha kama mtoto aliyeshiba. Na leo asubuhi nimesikia mwiko ukikwangua, nikajua anaziba nyufa.

Ernest naye akasubiri Severin amalize ndipo akafungua kikapu, akatoa ndizi, akaniambia hizi zimetoka kwenye shamba lako. Nikamwambia kaka, sina shamba. Akasema ukoo umekaa, dada zetu wamesema, kipande kilichopakana na kijito ni cha Eufrazia tangu siku ile, na waliokilima walikuwa wanakitunza tu. Hizo ndizi nimezila, kaka. Za safari hii nimezila zote.

Basi wosia wangu ni huu. Nyumba ni ya Winfrida, kama ilivyo kwetu, nyumba hufuata mabinti, na Rahel ameshayaweka sawa kisheria. Winfrida, chumba cha mbele ni cha Shadya maadamu anakitaka, na baada yake ni cha mwingine mwenye haja kama yake, na meza isiondoke. Atakayekuja msimwulize aliyemsindikiza. Mwulizeni yeye. Shadya, usiombe radhi kwa kukaa humu, nakukataza. Severin, shamba la Matombo lilime wewe, wewe ni mtoto wa ukoo kupitia kwangu, panda mdalasini, panda karafuu, migomba usiikate. Hukujua kuna shamba ulipotoa neno lako, ndiyo maana nakupa kwa mikono miwili. Cherehani mpeni binti yeyote atakayekuja mezani akiwa na hasira kama yangu.

Niinulieni mto. Hapo. Hapo panatosha.

Limebaki moja. Mtanizika Matombo. Gari halifiki kule juu, mnajua, na mtu haendi kule siku hiyo ila mabegani mwa watu. Nimeliwaza sana, mimi niliyekataa ngazi za Rahel. Nikaona kwamba siku hiyo kila mtu hubebwa, mjomba Yohana mwenyewe alibebwa, na hakuna anayemcheka. Kwa hiyo nimekubali. Ernest, wewe umezeeka, shika tu pembeni.

Lakini msinipeleke moja kwa moja kaburini. Nipelekeni kwanza shambani kwangu. Anzeni kwenye jiwe, mfuate kijito, mpaka kwenye mti, mrudi. Msiharakishe, ni mteremko mkali. Na mtakaokutana nao njiani, wakiuliza ni nani huyo, msijibu ninyi. Ernest aseme jina langu, kisha anyamaze, ili wanisalimie mimi.

Mungu awape miguu, na asiyekuwa nayo ampe njia. Awape nyumba. Winfrida, fungua dirisha... nataka kusikia... Severin, rudi nje, mwanangu. Malizia. Itakauka.