Pacha wa Kulwa

Basi la Bariadi lilikuwa limeshaipita Maswa ndipo Doto alipomwonyesha mama aliyeketi naye majibu ya vipimo aliyotoka nayo Mwanza.

"Mayu, wanasema kinga ya mwili wangu inaishambulia tezi ya shingoni. Daktari akauliza kama kwetu kuna mtu anayepandwa na furaha kupita kiasi, kisha anazama kwenye huzuni. Nikamwambia yupo, pacha wangu Kulwa."

"Shingo na akili vinakutania wapi?" aliuliza yule mama.

"Hata wao hawana hakika. Wanahisi huenda vinarithiwa pamoja katika ukoo."

"Hapana, mwanangu. Mtu harukwi na akili bila kurogwa."

Doto aliikunja karatasi, akamsimulia yule mama yaliyotokea. Hivyo ndivyo alivyosema yeye mwenyewe mbele ya ukoo, miaka sita iliyopita. Kulwa alikuwa hajalala siku nne, anaimba na kuwagawia wapita njia mahindi ya ghalani. Doto akamtaja mama mkwe wa Kulwa kuwa mchawi, na ndoa ikavunjika. Tangu hapo Kulwa anaishi Zagayu peke yake, na hajamsemesha pacha wake.

"Nilimsingizia bibi wa watu," alisema.

"Labda hukumsingizia."



Kondakta aligonga bati. "Zagayu!"

Nauli ya Doto ilikuwa ya Bariadi, lakini alisimama.

"Utamwambia nini?" aliuliza yule mama.

"Sijui, mayu. Yeye ndiye mkubwa. Nitaanza kwa kumwamkia."