Gambuti Zinazotazama Kabiro

Mvua ya alfajiri ilikuwa imeacha ukungu kwenye steji ya Kawangware 46, jijini Nairobi, na foleni yetu ya basi ilionekana kama watu wanaoota wakiwa wamesimama. Mbele yangu Kathini, jina nililolisoma kwenye kitambulisho cha chuo kikubwa alichoning'iniza shingoni, alivua gambuti, buti za mpira, zenye matope, akavaa raba nyeupe. Alimwachia fundi wa viatu wa pale steji zile gambuti hadi jioni, kisha akashika simu. "Niko njiani, babe. Huku Lavington kumenyesha vibaya."

Lavington, mtaa wa jirani, ni kwa matajiri, ingawa mbwa wao hutuamsha hata sisi wa vibanda vya Kabiro.

Kijana aliyevaa koti jeupe kama la daktari akacheka. "Sista, hapa si Lavington. Wewe ni wa Kabiro kama mimi."

"Hujui chuo chetu. Wanakuuliza unakaa wapi kabla wakuulize jina. Nikisema Kabiro, nitakula lunch peke yangu miaka minne. Na wewe daktari, uko hospitali gani?"

Kijana akafunga kifungo polepole. "Nasomea upishi, na college yenyewe iko juu ya duka la mitumba. Lakini nikivaa hii, hata landlord ananisalimia kwanza."

"Sasa unanichekea nini?"

"Mimi sijadanganya mtu. Ni koti inaongea."

Kabla Kathini hajajibu, basi likatokea ukunguni na foleni ikaamka. Nikavaa haraka viatu vyangu vya ofisi, nikamkabidhi fundi gambuti zangu. Akazipanga kando ya za Kathini, zote zikitazama Kabiro, bila kumdanganya mtu.