Historia ya Damaris Nyale, Aliyewahesabu Wasiorudi Kliniki

Wazee wangu shikamooni, wachungaji, majirani wa Gongoni, na nyote mliotoka Kaloleni alfajiri kuja kumzika dada yangu, mimi ni Kavumbi Thoya, mdogo wake wa tumbo moja, na karatasi hii nimeiandika kwa mkono wangu, hakuna aliyeniongezea neno wala aliyenipunguzia, na yule aliyenifuata jana kuniomba niisome kwa upole ameketi kiti cha mbele, nitamfikia.

Marehemu Damaris Nyale Thoya alizaliwa tarehe 14 Machi 1968 huko Kaloleni, mtoto wa kwanza wa Mzee Thoya Kavumbi, mgema, na Bi Umazi, wote wametangulia, na kati ya watoto sita tuliozaliwa tumebaki wawili.

Alianza darasa la kwanza mwaka 1976 katika shule ya misheni, akamaliza la saba mwaka 1982, akaitwa shule ya sekondari, na barua ya kumwita aliiweka chini ya godoro mpaka ikaliwa na mchwa, kwa sababu baba alisema karo iliyopo ni ya Kavumbi, naye Kavumbi, yaani mimi ninayewasomea, niliruka dirisha darasa la nne mwaka uliofuata na sikurudi tena. Kusoma kwangu nimejifundisha mwenyewe kwa vitabu alivyoniachia yeye, kwa hivyo mkisikia kosa la lugha humu ni langu, mkisikia ukweli ni wake.

Tarehe 20 Agosti 1988 aliolewa na Gona Kalama, kibarua wa mashamba ya chumvi hapa Gongoni, mtu mpole aliyeacha nyayo nyeupe kila alipokanyaga, wakajaaliwa watoto watatu, Kalama aliyezaliwa 1989, Trizah 1992 na Mwaro 1996, na wajukuu watano.

Mwaka 2009 baraza lilimchagua kuwa mhudumu wa afya wa kijiji, akazunguka nyumba kwa nyumba bila mshahara, na mwaka 2017 ulipokuja Mradi wa Moyo Thabiti, ule wa kutibu presha, alikabidhiwa kipimo, mkoba wa buluu na orodha ya wagonjwa, akaambiwa kazi yake ni kuwakumbusha watu siku ya kliniki. Mume wake alikuwa mmoja wao, akapewa kadi, na kadi ikapigwa muhuri kwamba presha imedhibitiwa.

Gona alianguka kwenye chumvi tarehe 11 Septemba 2019, akafa siku hiyohiyo, na aliyesoma historia yake ni mimi, maana katika ukoo wetu kazi hii huwa yangu, nikasoma kama tusomavyo siku zote kwamba marehemu aliugua kwa muda mfupi, watu wakaguna, tukazika. Mwezi mmoja baadaye dada yangu aliniambia, "Kavumbi, umemzika mume wangu mara mbili. Miezi minne zahanati haina dawa, mtu anatembea na kadi tupu mfukoni, wewe unasema muda mfupi? Mfupi kwako, uliyekuja kula pilau." Nilikasirika, nyote mnajua hasira zangu, nikatoka bila kuaga, lakini maneno yalikuwa ya haki.

Hapo ndipo aliponunua daftari la kurasa mia mbili. Aliwaandika wagonjwa wote wa eneo lake walioanza dawa, mia mbili na kumi na wawili, kila mtu na mstari wake, wanaokuja kliniki na wasiokuja, akawafuata wasiokuja mpaka milangoni, akamwomba Mama Pushpa wa duka la dawa amwonyeshe nani ananunua vidonge na nani ameacha, na waliokufa akawafuata mazishini. Mlimwona, akikaa nyuma ya hema, akisikiliza historia ya marehemu ikisomwa, akiandika tarehe, kisha akiwafuata wafiwa wiki ya pili kuuliza dawa ziliisha lini. Mlimwita Mama Daftari. Wengine, na mko hapa, mlinong'ona kwamba mwanamke anayeandika majina ya wafu ana lake jambo, yaani ni mchawi, na nyote mnajua hapa kwetu neno hilo huweza kumfikisha mama mwenye mvi wapi, lakini hakuacha, alisema aliyekufa naye alikunywa dawa ile, basi naye ana ushahidi wake.

Tarehe 18 Oktoba 2022 aliitwa mkutanoni Malindi, kwenye hoteli yenye baridi ya mashine, na Bwana Peterson, msimamizi wa mradi, akaonyesha ukutani kwamba Gongoni wagonjwa wanane katika kila kumi presha zao zimeshuka, watu wakapiga makofi. Dada akasimama na mkoba wake begani.

"Mwanangu Peterson, na waliokufa umewaweka wapi?"

"Mama, tunahesabu waliofika kliniki miezi mitatu ya mwisho. Hao hawakufika."

"Hawakufika kwa kuwa wako kaburini. Mwalimu akiwafukuza wote wanaoanguka mtihani, shule yake si itakuwa ya kwanza?"

Watu wakacheka, hata wapishi waliokuwa mlangoni wakacheka, naye akafungua daftari akasoma, kwamba waliofika ni tisini na wanne na walioshuka presha ni sabini na saba, hiyo ni kweli, hakuikana, lakini thelathini na mmoja wamekufa, themanini na saba wameacha dawa kwa sababu hazipo au nauli haipo, na ukiwahesabu wote walioanza, presha imeshuka kwa watu hata wanne katika kumi hawafiki. Hakusema dawa ni mbaya. Alisema dawa ni nzuri, haifiki, na hesabu ile ndiyo inayoficha kwamba haifiki. Wiki iliyofuata kijana wa pikipiki alikuja kuchukua kipimo na mkoba wa buluu, ati vinakwenda kukarabatiwa, na mpaka leo havijarudi.

Sasa nafika kwenye ugonjwa, na hapa ndipo nilipoapishwa, aliniapisha mwenyewe, akasema nikiandika muda mfupi atanijia ndotoni. Marehemu aligunduliwa presha mwaka 2020, akajiandika mwenyewe daftarini, mstari wa mia moja na arobaini. Tarehe 7 Februari 2025 alipimwa kliniki, ikawa nzuri, akapewa dawa za mwezi. Ziliisha tarehe 9 Machi. Zahanati haikuwa nazo Machi, haikuwa nazo Aprili, wala Mei, akawa anachukua chache kwa Mama Pushpa na kukata kidonge nusu, na mama wa watu akamwambia, "Dada, nusu si dawa," akajibu, "Najua, nimeandika." Aliandika kila siku. Tarehe 3 Juni alianguka jikoni, tukamkimbiza hospitali Malindi, akahamishiwa Kilifi, akakata roho tarehe 9 Juni saa nne asubuhi, mkono wa kulia umekufa, wa kushoto nimeushika mimi.

Na tarehe 11 Juni, mwili uko chumba cha maiti, simu yake, hii hapa, ilipokea ujumbe wa mradi, nausoma kama ulivyo: "Hongera Damaris! Presha yako imedhibitiwa. Endelea vivyo hivyo." Bwana Peterson, ndiyo historia uliyoniomba jana niisome kwa upole?

Namshukuru daktari wa Kilifi aliyetuambia ukweli bila kuzunguka, nawashukuru wauguzi waliomgeuza siku sita, namshukuru Mama Pushpa, nawashukuru wahudumu wenzake wa vijiji waliochimba kaburi hili, na majirani mliopika, hata nyinyi wa kunong'ona, chakula chenu tumekila. Mradi umeleta shada la maua, tumelipokea, lakini shukrani yake nitaileta ofisini Jumatatu, nikishauona mstari wa mia moja na arobaini katika hesabu yenu.

Na kwa kuwa nimesimama, na kaburi la Gona liko hapo pembeni linanisikia, nasahihisha: Gona Kalama hakuugua kwa muda mfupi, Gona alikaa miezi minne bila dawa akiwa na kadi yenye muhuri, na mimi ndiye niliyewasomea uongo.

Leo asubuhi nimeujaza mstari wa dada kwa mwandiko wangu mbaya, Damaris Nyale Thoya, amekufa, siku themanini na sita bila dawa kamili. Chini yake kuna majina sabini na mawili, wengine wenu mmekaa hapa mnanitazama, na kuanzia kesho kutwa nitapita milangoni kwenu kuuliza.

Pumzika, Nyale, kwa amani ambayo huku hukupewa, daftari ninalo mimi.