Skrini Nyeusi Nikiwa Habaswein

Assalamu alaykum, ndugu zangu. Mimi mnanijua. Shule niliiacha darasa la tatu, lakini nani mtaani kwetu ana nyumba yenye kamera kila pembe? Semeni! Haya, leo sikuja kujisifu, ingawa ningeweza. Nimekuja kwa sababu kila mmoja wenu hapa ana mzee nyumbani anayesahau.

Hooyo, mama yangu mzazi, alisahau majina yetu kwanza, halafu akasahau kwamba baba yake alishakufa. Kila asubuhi alitaka kwenda kuwafungulia ngamia wa baba yake. Na mimi ni mtu wa minada ya mifugo, leo Elwak, kesho Habaswein. Nikafunga kamera kwa mikono hii ili nimwone kwenye simu popote nilipo. Akielekea langoni, napiga simu nyumbani, anarudishwa.

Halafu tukahamia kampuni nyingine ya intaneti. Nikapanga upya kila kitu, nikajaribu pale sebuleni: picha safi. Mke wangu akasema, "Ita fundi aangalie kabla hujasafiri."

"Fundi wa nini? Fundi ndiye aliyekuoa."

Akacheka. Nakikumbuka kicheko kile, kwa sababu kingine kilichelewa sana.

Nikiwa mnadani Habaswein nikafungua simu. Nyeusi. Nikampigia mke wangu.

"Zima kisanduku cha intaneti, uwashe."

Akazima, akawasha. Nyeusi.

"Zima tena!"

"Baba watoto, hooyo yuko uani peke yake."

"Nimesema zima!"

Ndugu zangu, nawaambia, mke wangu alikuwa amechuchumaa mbele ya kisanduku kwa amri yangu, na mama akapita nyuma yake akatoka.

Tulimpata kesho yake ndani ya vichaka vya mathenge, upande wa mtoni. Mnafuga, miiba ya mathenge mnaijua. Mguu uliochomwa ukaoza. Hospitali wakaukata chini ya goti. Alipozinduka aliniuliza mimi ni mtoto wa nani, na nani amechukua mguu wake.

Baada ya hapo nilikuwa mtu wa kukaa sakafuni na kisanduku. Nafungua, nafunga. Nikanunua kingine. Sebuleni picha safi, nikifika sokoni nyeusi. Chakula sikitaki, mnada siendi. Siku moja mke wangu akapigia kampuni bila kuniuliza, akanishikisha simu. Akaongea dada mmoja.

"Mzee, huwa unajaribia wapi?"

"Kwangu! Kwani nijaribie kwa jirani?"

"Zima waifai, tumia bando, ujaribu tena."

Nikazima. Nyeusi, hapo hapo sebuleni.

"Umeona? Ukiwa kwenye waifai yako, picha haipiti kwetu. Ukiwa nje lazima ipitie poti, ni kama lango lenye namba. Kwako umelifungua vizuri. Namba hiyo tumeifunga sisi huku, kwa wateja wote wa majumbani."

Wallahi, ndugu zangu! Mimi nimelelewa kisimani. Kisima kikifungwa, huvunji uzio wa miiba. Unamtafuta mwenye kisima, unamsalimia, unaomba zamu. Na mimi nilikuwa napiga mateke lango langu mwenyewe, tena lililo wazi.

"Abaayo, dada yangu," nikamwambia, "nisaidie."

Akanipa namba nyingine ambayo hawaifungi. Nikaiweka kwenye kisanduku na kwenye mashine ya kamera, nikatoka na bando hadi barabarani. Nikamwona mama amelala.

Nawashukuru majirani walioingia kwenye ile miiba, wengine mko hapa na makovu yenu. Namshukuru dada yule ambaye sijawahi kumwona. Na mke wangu, ambaye hajawahi kunitupia neno la lawama. Nanyi shikeni hili: kitu mtakachokitegemea mkiwa mbali, kijaribuni mkiwa mbali. Na skrini ikiwa nyeusi, usiulize kisanduku kwanza. Uliza, "Hooyo yuko wapi?"

Sasa kamera zangu hazina mfano Garissa nzima. Kila asubuhi nikiwa mnadani namwona mama anainuka aende kwa ngamia. Anatazama pale mguu ulipokuwa, anakaa. Sipigi tena simu arudishwe.