Tupa Iliyolainisha Tangi

Sikilizeni wanangu, lakini kwanza ondokeni hapo ukutani. Njooni huku upande wa mlango hata kama mtabanana, kaeni kitandani ikibidi, miguu yangu siku hizi haijui tena kama imekaliwa. Meneja, mwanangu, ahsante kwa kuzima ile swichi kubwa ya koridoni; nimeisikia. Najua kuna gari la watu limepakwa rangi nusu na mwenyewe anakuja jioni, na najua unaangalia saa kwa kuiba kama ulivyokuwa ukifanya tangu shuleni. Gari litasubiri. Nyuma ya ukuta huu, kule karakana, ndani ya tangi la kompresa, kuna hewa mliyoijaza asubuhi, na sitaki mtu aiguse mpaka nimalize kusema. Nikiwaambia tu nendeni mkaitoe, mtafanya kama mlivyozoea, mtaigonga koki ya chini kwa spana kwa kuwa inakwama. Wiki mbili nimelala hapa naisikia hiyo spana, na kila ikilia nafumba macho.

Sina pumzi ya kuzungukazunguka. Tangi lile linaweza kupasuka wakati wowote, na aliyelifanya liwe hivyo ni mimi.

Binti yangu, vuta droo ya chini, toa kitu kilichofungwa kwenye kitambaa. Kifungue. Wote mnaijua hiyo tupa, na kila mmoja wenu alipigwa kibao cha mkono kwa kuichezea. Bapa lake ni jembamba, meno yake yamejipinda kama makucha yaliyopangwa safu, na hiyo skurubu ya katikati ndiyo inayoifanya iwe tofauti na tupa nyingine zote: ukiizungushia huku, bapa linainua mgongo kama paka, ukiizungushia kule, linabonyea kama kiganja kinachoteka maji. Ndiyo maana inakaa kwenye mlango wa gari, kwenye bawa la tairi, kwenye kitu chochote cha mviringo. Mama yenu aliiita Ndiyo Bwana, kwa sababu haijawahi kukataa umbo la mtu. Lakini alijua pia, kuliko mafundi wengi, kwamba kazi yake ya kwanza si kukata. Unaipitisha kwa wepesi, mshazari, halafu unaangalia: palipoinuka panang'aa, palipobonyea panabaki peusi. Inakuonyesha kile ambacho jicho limekidharau. Mimi niliitumia kuficha.

Miaka kumi na moja iliyopita tangi lilipata ufa wenye urefu wa kidole, nyuma, karibu na mguu wake wa ukutani, mahali ambapo hakuna anayeinama kuangalia. Mkaguzi alikuwa anakuja baada ya siku tatu. Nilimwita mjomba wenu, kaka yake mama yenu, ambaye wakati ule ndiye aliyekuwa mchomeleaji wetu. Alilala chini kwa ubavu nusu siku nzima, akachomelea, akaacha mstari mnene, ulioinuka, usiopendeza. Alipotoka akajifuta uso, akaniambia, "Shemeji, hii ni ya kutuvusha wiki mbili, tafuta tangi jingine. Na hiyo Ndiyo Bwana yako isifike hapa."

Nilimjibu kwamba nimekaa chuo kikuu miaka minne nikisomea unene wa chuma, na sihitaji kufundishwa na mtu aliyejifunzia kazi kwenye mageti. Alicheka, akachukua barakoa yake ya kuchomelea, akaenda kula.

Asubuhi iliyofuata nilikaza skurubu mpaka bapa likakubaliana na tumbo la tangi. Nilitaka kushusha kidogo tu, ili mkaguzi asione haraka. Mstari ukang'aa, ukashuka, na chini yake yakatokea matundu madogo kama ya mkate. Hapo hata mwanafunzi wa wiki ya kwanza angeiweka tupa chini. Mimi nikayafukuza kwa tupa. Kila nilivyoyafukuza yakawa makubwa zaidi, na chuma cha pembeni nikakiona kimeliwa kwa ndani na kutu, chembamba kuliko nilivyodhani. Nilichukua karatasi nikapiga hesabu, ile ile niliyoifanya kwenye mtihani wa mwaka wa tatu na kupata alama za juu, na jibu likasema mshale wa geji, kile kipimo cha nguvu ya hewa, usivuke tano. Na hesabu hiyo ilichukulia kwamba weldi, ule mstari wa mjomba wenu, ni nzima, nami nilikuwa nimetoka kuona kwa macho yangu kwamba si nzima. Basi nikapaka puti, ule udongo wa kuzibia mabonde ya bati, nikapiga msasa, nikapaka rangi ile ile ya bluu. Mkaguzi alipopitisha kiganja aliniuliza, "Mhandisi, hili tangi umelinyoa?" Tukacheka wote. Akaandika kumi kwenye cheti, na hicho ndicho cheti mnachokifuta vumbi pale ukutani hadi leo.

Mama yenu hakucheka. Nilimweleza siku hiyo hiyo, kwa kuwa sikuwahi kuweza kumficha kitu kwa zaidi ya saa chache. Hakunigombeza. Alichukua rangi yake ya kucha, nyekundu, akachora mstari juu ya kioo cha geji, kwenye tano. Vali ya usalama, ile inayotoa hewa ikizidi, ilikuwa imewekwa ifunguke kwenye kumi kama cheti kilivyosema, na kuishusha kungemwambia mkaguzi kila kitu, kwa hiyo vali ile haikutulinda na chochote. Tulilindwa na ule mstari na macho yake. Ninyi mliufanyia mzaha, mkauita Mstari wa Mama, mkasema anaogopa kelele. Kisha akahamisha meza yake ya kuchanganyia rangi, akaiweka mbele ya tangi, kiti chake kikawa kati ya tangi na ninyi. Nikamwuliza kwa nini akae kwenye joto lote lile. Akasema, "Anayekaa hapa ndiye atakayesikia kwanza." Nilidhani ananisuta. Kumbe alikuwa ananijibu.

Binti yangu, najua umekaa kwenye kiti hicho tangu tulipomzika kwa sababu unasema bado kina umbo lake. Usilie. Nisikilize tu, nitakufikia.

Mjomba wenu alirudi wiki ile kuangalia kazi yake. Aliinama nyuma ya tangi, akapapasa, akapapasa tena, akaniangalia. "Shemeji," akasema, "kazi yangu iko wapi?" Akasema hataingia karakana hii mpaka tangi litoke, na mimi, nikiogopa atasema kwa watu, nikawahi kusema mimi. Niliwaambia mafundi wote kwamba amefukuzwa kwa kuiba maboksi ya vijiti vya kuchomelea. Hakuiba hata kijiti kimoja. Meneja, wewe ulikuwa umeshaanza kubalehe. Uliacha kumwamkia mjomba wako barabarani, na mimi nikakusifu kwamba una msimamo. Mama yenu aliishi zaidi ya miaka kumi kati ya kaka aliyeitwa mwizi na mume aliyejua kwamba si mwizi. Siku ya mazishi yake mjomba wenu alisimama nje ya geti, mlimwona wote, akiwa ameshika kofia yake kwa mikono miwili. Nilipita karibu naye nikatazama chini. Kama kuna jambo ambalo naogopa kuulizwa huko ninakokwenda, ni hilo, kabla hata ya tangi.

Mtauliza kwa nini sikununua tangi jingine. Mwaka wa kwanza nilisema mwakani. Baadaye, kila mwaka ambao halikupasuka niliugeuza kuwa ushahidi kwamba halitapasuka, ingawa niliyoyasoma yanasema kinyume: kila tangi linapojaa hewa na kuitoa, pale palipo dhaifu panajikunja kidogo, na mikunjo inajumlishwa, haifutiki. Nililijua hilo kila asubuhi.

Kisha mama yenu akaugua, akaondoka. Baada ya miezi minne Meneja ukabadilisha geji kwa kuwa kioo kilikuwa na ukungu, na mstari wa mama yenu ukaondoka nacho, ukanijia hapa unafurahi, ukasema sasa inasomeka vizuri, na umepandisha kidogo na kipimo ambacho mashine inajizimia, ili bunduki mpya ya kupulizia rangi ipige sawasawa. Hukukosea. Ulifanya kazi ya fundi anayeamini cheti kilichopo ukutani kwake. Mimi niliitikia kwa kichwa, nikasema vizuri, mwanangu.

Tangu siku hiyo nahesabu. Zamani mota ilizunguka dakika nne, ikazima. Sasa inazunguka saba. Nikifika ya tano jasho linanitoka, ya sita nashika ukingo wa kitanda, na kati ya ya sita na ya saba namsikia binti yangu anaimba huko kwenye kiti, mgongo wake kwenye tangi. Mkiingia mnadhani ni homa, mnanifuta. Ningeweza kusema siku ya kwanza. Nililala wiki mbili nikipima kipi kinaniogopesha zaidi, tangi lipasuke au nyuso zenu zibadilike kama zilivyobadilika sasa. Asubuhi hii mota imezunguka dakika nane. Ndiyo maana nimewaita.

Meneja, kaa. Nimesema kaa; hasira yako ni halali na utanionyesha baadaye kama baadaye ipo. Wewe huendi, mikono yako ina haraka. Atakwenda Konokono.

Ndiyo, wewe, kitinda mimba. Maisha yako yote tumekucheka kwa kuchelewa, mama yako alikuwa akisema chakula chako kinapoa kikikungoja unawe mikono. Leo nataka uwe hivyo hivyo. Usiingie karakana. Pita mlango wa nyuma mpaka uani, mpira mrefu wa bunduki ya rangi umetokea dirishani. Ushike huku mwisho, simama nyuma ya nguzo ya geti, bonyeza bunduki kidogo tu, hewa itoke kama mtu anayepuliza chai. Usibonyeze yote. Mpira usiuvute, kwa sababu umefungwa kwenye tangi. Nenda, baba. Tembea.

Ninyi wawili bakini hapa, msinishike, nataka kusikia.

Mlango wa nyuma ule. Sasa yuko kwenye ngazi. Ameokota kitu, atakuwa anasogeza ndoo, mnamjua. Mungu wangu, nimemtuma mtoto wa mwisho.

Hiyo hapo. Mnasikia? Nyembamba, nzuri. Iacheni iendelee.

Nikisema polepole mnisogelee. Nyumba na karakana ni zenu watatu kwa usawa, karatasi ziko mahali zilipo siku zote, na hilo halina haja ya maneno. Cheti kishusheni leo. Tangi likiisha hewa, likateni, msiliuze hata kama chuma chakavu likiwa zima, maana atatokea mtu wa kulitia rangi tena. Pitisheni tupa pale nyuma karibu na mguu, kwa wepesi. Puti itatoka na mtapaona. Kipande hicho kikateni mkitundike kilipokuwa cheti, na akiuliza mtu, mwambieni baba yetu...

Imenyamaza.

Kwa nini imenyamaza? Haijafika hata nusu. Meneja, usikimbilie karakana, chungulia dirisha hili la huku, mwite, usipige kelele. Anasema nini? Mpira umejikunja? Anaunyoosha. Mwambie asiuvute. Mwambie aufuate kwa mkono, aukunjue ulipo... Binti yangu, nipe mkono wako. Wako ni baridi kuliko wangu.

Haya. Imerudi. Imerudi.

Kwa mjomba wenu mwende wote watatu, kwa miguu, mchana, watu wakiwaona. Atakayesema ni Meneja, kwa kuwa ndiye aliyefundishwa kutomwamkia. Mwamkie kwanza. Mwambie vijiti havikuibwa, na ni mimi niliyesema, mbele ya mafundi, na sasa nimesema mbele yenu. Mpeni hiyo tupa. Si zawadi. Mwambieni aje aitumie kutafuta kazi yake ilikokwenda. Asipokuja... msimlaumu, wala asipokuja kunizika. Akisimama nje ya geti, ninyi tokeni mkasimame naye.

Meneja, nisamehe ile "vizuri, mwanangu." Utakapokuwa hujui kitu sema hujui, na utakapojua, sema siku hiyo hiyo. Sina mafundisho mengine. Nilikuwa nayo mengi wakati nina sauti.

Inapungua. Mnasikia inavyopungua... sasa ni kama mtu anayelala.

Mungu awakinge na nilichokitengeneza. Awape mikono inayojua pa kuachia. Awaweke pamoja, na mama yenu... akinipokea, nimwambie mshale umeshuka chini ya mstari wake.

Konokono huyo mlangoni. Umeangalia geji? Kupitia dirishani, vizuri. Sema. Sifuri. Sema tena, sijasikia vizuri.

Ahsante, baba.

Binti... kile kiti. Kitoe pale. Kiweke... kwenye dirisha, penye hewa. Leo. Nataka kusikia kikisogezwa.